Siku nane Rungwe: Pasaka ya makaburini

Jumatano ya Juma Kuu

Tumeondoka stendi ya Igumbilo, Iringa, saa mbili na robo asubuhi, mimi na mwanangu wa miaka tisa na begi moja. Kabla ya hii nilishakata tiketi mbili nikaziacha zipotee, moja ya arobaini na moja ya Krismasi. Safari hii mama mkwe alipiga simu mwenyewe. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, Pasaka hii tunawakumbuka makaburini waliolala mwaka huu. Mlete mtoto asikie jina la baba yake likitajwa." Ukishaambiwa hivyo na mama mzaa mume, huna pa kujificha.

Niseme mapema kilichokuwa kinanizuia, maana bila hicho mengine hayataeleweka. Mume wangu alifariki Juni. Siku ya tatu baada ya maziko, kwenye kikao cha ukoo, shemeji yangu mkubwa alisimama mbele ya watu akasema mimi ndiye niliyemchelewesha ndugu yao kumfikisha hospitali. Sikujibu neno. Alfajiri yake nilifunga mizigo nikarudi Iringa, na miezi kumi nimeishi kama mtu aliyejifungia kwa ndani. Jumuiya ya mtaani kwetu ilikuja mara tatu kusali nami. Mara ya nne niliwatuma majibu kwa mtoto kwamba naumwa kichwa. Jumapili nakaa benchi la nyuma, natoka kabla ya baraka. Kwaya niliacha kabisa. Nilikuwa nasali, tena sana, usiku, peke yangu. Amani sikuipata.

Njiani hakuna la ajabu. Misonobari ya Sao Hill pale Mafinga, mahindi ya kuchoma Makambako, kisha usingizi hadi Igurusi. Uyole tulishuka saa tisa tukadandia Coaster ya Tukuyu. Kuanzia Isongole ukungu ulishuka mpaka barabarani, na magunia ya viazi yaliyofungwa lumbesa yalikuwa yanatokea ghafla pembeni kama watu waliosimama. Mvua ilitukuta Kiwira. Tulipanda bodaboda mbili kuelekea mlimani, mtoto yuko mbele yangu na mfuko wa nailoni kichwani.

Mama mkwe alikuwa mlangoni ameshika kanga kavu. "Ndaga, ndaga fijo," yaani asante, asante sana kwa Kinyakyusa, akawa anamfuta mtoto kichwa. Shemeji hakuwepo, ameenda mazoezi ya tarumbeta kanisani. Nilishukuru moyoni.

Alhamisi Kuu

Mimi ni Mluteri wa kuzaliwa, wa KKKT, nikaolewa kwa Wamoraviani. Kusanyiko la kanisa la mahali sisi huliita usharika, wao huliita ushirika, na miaka yote nilidhani tumepishana irabu moja tu.

Jioni ilikuwa Meza ya Bwana. Ukutani mbele, juu ya madhabahu, amechorwa Mwanakondoo amebeba bendera, na chini yake maneno yao: Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Mchungaji hakuhubiri kwa muda mrefu. Alisimulia habari za Herrnhut, kule Saxony, Ujerumani, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia kwenye ardhi ya bwana mmoja aitwaye Zinzendorf. Watu tunawawazia kama watakatifu, alisema, lakini ndani ya miaka mitano walikuwa wamegombana vibaya. Kila kundi lina mafundisho yake, majirani hawasalimiani, wengine wanamwita mwenyeji wao mnyama wa Ufunuo. Zinzendorf akaacha shughuli zake mjini akawa anapita nyumba kwa nyumba kuwasihi. Wakaandika maagano ya kuishi pamoja. Kisha tarehe 13 Agosti 1727 wakaenda kanisa la Berthelsdorf kwenye Meza ya Bwana, na hapo mezani wakalia, wakasameheana, wakatoka wakiwa watu wengine. Kutoka kwa watu hao wachache ndipo wamisionari walipoanza kwenda duniani, na mwaka 1891 wakafika hapa Rungwe.

"Kama wasingepatana pale mezani," akasema, "sisi tungeisikia Injili kwa mtu mwingine, labda kwa kuchelewa. Basi shikaneni mikono."

Hapa ndipo Wamoraviani hupeana mkono wa shirika. Kabla ya mkate, unamgeukia jirani unampa mkono wa kuume, na ukitaka unatoka sehemu yako unamfuata mtu. Niliwapa mkono mawifi zangu, nikampa mama mmoja mzee nisiyemfahamu. Kisha nikamwona shemeji, safu tatu mbele na wanabendi, amegeuka nyuma. Alikuwa ananitafuta kwa macho. Nikainama, nikamfunga mtoto kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Nilipoinuka alikuwa ameshageukia mbele. Mkate ule niliula nikijua nimefanya nini.

Ijumaa Kuu

Kila jioni ya juma hili wanasoma masimulizi ya mateso kwa mfuatano, siku kwa siku, sura zimeunganishwa kutoka Injili zote nne, na leo ni siku ya kusulubiwa. Wanasoma taratibu. Wakifika mahali fulani msomaji ananyamaza, kusanyiko linaimba ubeti mmoja, kisha anaendelea. Saa tisa alasiri kengele iligongwa, watu wakapiga magoti, na kwa muda mrefu hakikusikika kitu ila mvua juu ya bati.

Mwanangu aliniuliza wakati wa kutoka kwa nini tarumbeta hazikupigwa leo. Nikamwambia zinangoja. "Zinangoja nini?" Wifi yangu akajibu kabla yangu: "Subiri kesho kutwa, utaamshwa."

Jumamosi Kuu

Asubuhi mvua ilikata, na kijiji kizima kikaingia makaburini na mafyekeo, majembe na ndoo za chokaa. Sijawahi kuona makaburi yenye kelele nzuri kama zile. Watoto wanabeba maua, akina mama wanang'oa magugu huku wanaitana kwa sauti, vijana wanasafisha njia ambayo watu watapita gizani. Mlima Rungwe ulijitokeza kwa dakika chache, mweusi na mzima, karibu mita 3,000, kisha ukajifunika tena.

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa anapaka chokaa kaburi la mama yake. Nilimwuliza desturi hii ilianzia wapi. Akaweka brashi ndani ya ndoo. Mwaka 1732, alisema, hukohuko Herrnhut, kikundi cha vijana wa kiume kiliamka kabla ya jua siku ya Pasaka kikapanda kilimani kwenye makaburi kuimba, kwa sababu wale wanawake wa Injili nao walikwenda kaburini alfajiri. Mwaka uliofuata kanisa zima likawafuata. "Hatujaacha mpaka leo. Tunaenda kuwaambia waliolala kwamba Bwana ameamka. Na tunaenda wote, kwa sababu nao ni ushirika wetu." Alisema *ushirika* kwa namna ambayo ilinifanya nione kosa langu la irabu.

Kaburi la mume wangu niliacha la mwisho. Nilijiandaa kukuta msitu, maana udongo wa huku na mvua hii hautaki mwezi kuota chochote. Nilikuta pameparuliwa safi. Kingo zimepangwa kwa mawe meusi ya volkano, moja baada ya jingine, yamechaguliwa ukubwa. Kichwani kuna kopo la maziwa lililozikwa nusu, limetobolewa matundu kwa msumari chini ya mdomo ili maji ya mvua yasijae, na ndani yake maua meupe ya bondeni, mabichi, ya jana au juzi.

Nilimwambia mama mkwe, "Mama, umejitesa hivi, mgongo wako?"

"Mgongo wangu hauinami siku hizi, mwanangu. Ni shemeji yako. Kila Jumamosi tangu tumzike."

Nilichuchumaa pale kwa muda. Mtoto alikuwa anahesabu mawe.

Jioni ilikuwa karamu ya upendo. Usidhani ni karamu ya kuchinja. Ni chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati na andazi moja kwa kila mtu, vinapitishwa mkono kwa mkono kwenye mabenchi, na hakuna anayeuma mpaka wa mwisho kabisa awe ameshika lake. Lile andazi limekaa mkononi mwako, lina joto, nawe unangoja mtu wa benchi la nyuma usiyemjua. Ni jambo dogo. Nilijikuta nimegeuka kuangalia kama wote wamepata.

Pasaka

Saa tisa na nusu usiku. Kwanza nilidhani naota. Tarumbeta moja mbali, upande wa migombani, ikajibiwa na nyingine, kisha besi kubwa inayotetemesha kioo cha dirisha. Wanapita nyumba kwa nyumba gizani kuwaamsha watu. Mwanangu alikaa kitandani macho yametoka. "Mama, zimengoja zimechoka!"

Tulitembea na taa za simu na karabai mbili. Kanisani mchungaji alisimama mlangoni, hakuingia ndani, akapaza sauti: "Bwana amefufuka!" Na giza lote lile likamjibu: "Amefufuka kweli kweli!" Kisha tukashuka makaburini kwa safu, bendi nusu mbele na nusu nyuma, zinajibizana. Njia ina utelezi. Niliteleza mara mbili, na mara zote mbili kuna mkono uliodaka kiwiko changu. Sikuona ni wa nani.

Huku jua la Aprili halitoki mapema, ni karibu saa moja kasoro robo. Tulisimama kati ya makaburi tumetengeneza duara kubwa, ukungu unapita baina yetu, na liturujia ya Pasaka ikasomwa huku mbingu ikibadilika rangi pole pole upande wa Mwakaleli. Ikafika sala ya kuomba tushikwe katika ushirika wa milele na ndugu waliolala tangu Pasaka iliyopita. Wakaanza kuwataja. Mtoto alinikamata vidole. Jina la baba yake lilikuwa la saba. Mchungaji alilitaja lote, la kwanza, la babu na la ukoo, halikuharakishwa, na watu zaidi ya mia tano wakalipokea kwa wimbo. Nilikuwa nimelibeba jina lile peke yangu miezi kumi kama mtu anayebeba maji kwa viganja.

Niliimba. Sauti ilitoka mbaya, imekauka, lakini ilitoka.

Sasa nieleze kilichofuata bila kuongeza chumvi. Sikuona maono wala kusikia sauti. Ila kwenye duara lile, watu wamelowa, watoto wanatetemeka kwa baridi, mara nikajua kwamba aliyekuwa anaitwa Bwana yupo pale, amesimama katikati, na kwamba alikuwa amefika kabla yangu. Kitu kilicholegea kifuani kililegea kweli. Siwezi kusema zaidi ya hapo na siwezi kusema pungufu.

Baada ya baraka watu husalimiana. Mmoja anasema Bwana amefufuka, mwenzake anajibu. Nilikuwa nimeshasalimiana na kumi hivi nilipomwona shemeji anakuja, besi yake begani, midomo ina alama ya duara la chuma. Akasimama mbele yangu. Hakusema pole, hakusema karibu. Alinyoosha mkono akasema, "Bwana amefufuka."

Kama angesema neno jingine lolote, pengine ningelijibu kwa ukimya ule ule wa Iringa. Lakini hilo lina jibu moja, na jibu lenyewe si langu, ni la watu wote waliosimama pale na waliolala pale. "Amefufuka kweli kweli," nikasema, nikashika mkono wake. Kiganja kigumu cha mchuma chai, kimepigwa kovu refu kutoka kidole gumba hadi kifundo, na kwenye kucha kulikuwa na udongo mweusi na chokaa.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza tangu Juni.

Jumatatu ya Pasaka

Mvua kutwa. Tulikula mbalaga, ndizi za kupika, na maharage, tukalala mchana. Ibada ilihusu wale wawili wa Emau, waliotembea naye njiani wasimjue, wakamtambua alipoumega mkate. Nimeipenda sana sehemu ya mwisho, ambayo watu huisahau. Usiku uleule waliondoka wakarudi Yerusalemu kwa wenzao. Walishaliona waliloliona, wangeweza kulala.

Jumatano

Nilikwenda na mawifi kwenye ibada ya nyumbani kwa mjane mwingine, wa mwezi wa pili. Niliombwa niseme neno. Sikuwa na neno, nikakaa karibu naye tukachambua mchele.

Ijumaa

Leo jioni shemeji alikuja. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mama mkwe alikuwa anapukuchua mahindi, na nilidhani atatoka kutupisha, lakini hakutoka. Alisogeza ungo wake katikati yetu akaendelea.

Shemeji alichukua muda. Aliongea habari za bei ya majani mabichi ya chai, habari za bati. Kisha akasema, akiangalia mahindi: "Shemeji, siku mbili kabla hajafariki alinipigia. Niliona jina lake. Nilikuwa na hasira naye kwa jambo la hela, nikaacha simu ikaita mpaka ikakata. Nikasema nitampigia Jumatatu." Akapangusa uso kwa mkono ule wenye kovu. "Nilimlaumu aliyekuwepo kwa sababu mimi sikuwepo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi kumi kumjibu mtu huyu. Nina hotuba nzima, nimeinoa usiku kwa usiku. Haikutoka. Kilichotoka ni kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu yeyote, kwamba na mimi nilingoja siku moja. Mume wangu alisema ni malaria tu, tusubiri kupambazuke, na nilijua si malaria tu, nikasubiri kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nimeiogopa siku hiyo moja kuliko kitu chochote. Ndiyo maana maneno yake kwenye kikao yaliniua. Yaligusa mahali penyewe.

Hakuna aliyesema ungefanya hivi, ungefanya vile. Mama mkwe aliacha mahindi, akashika mkono wa kushoto wa shemeji na wangu wa kuume, akaomba kwa Kinyakyusa, muda mrefu. Mimi Mhehe nilishika maneno machache tu. *Kyala*, Mungu. Na *ulutengano*, tena na tena, ulutengano, ambalo ni amani, neno lililobaki kwenye jina la Lutengano, hapa hapa wilayani. Mikono yake ilikuwa na vumbi la mahindi. Punje moja ilibaki imebanwa kati ya viganja vyetu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia ili idondoke.

Jumapili ya pili

Leo ni habari ya Tomaso. Nimeisikia tangu shule ya Jumapili, na daima tunamsema kwa kutokuamini. Mchungaji alitusimamisha kwingine. Jioni ya siku ya kwanza milango imefungwa kwa hofu, Yesu akasimama katikati, neno lake la kwanza ni "Amani iwe kwenu," na hapo hapo akawaonyesha mikono. Amani na majeraha kwa pamoja. Hawa ni watu waliomkimbia siku tatu nyuma, mmoja amemkana mara tatu, na hakuna alipowauliza mlikuwa wapi. Tomaso hakuwepo. Biblia haisemi alikuwa wapi.

Mimi najua alikokuwa. Alikuwa Iringa, chumba cha nyuma, pazia limeshushwa.

Wenzake walimwambia wamemwona, hakukubali, na simlaumu. Mtu aliyeumia hawezi kupokea furaha kwa kusimuliwa. Lakini wao hawakumfukuza, naye hakuondoka. Alikaa na watu ambao hakuweza kuamini wanachoamini, siku nane. Na Bwana alipokuja tena hakumfuata Tomaso faraghani. Alikuja chumba kilekile, milango imefungwa vilevile, akasimama katikati yao wote, akatoa salamu ileile, kisha ndipo akamgeukia mmoja. Mikono aliyomwonyesha ilikuwa bado na alama. Nimejiuliza kwa nini ufufuo haukuzifuta, na nimewaza juu ya mkono wenye chokaa kwenye kucha.

Mwishoni tulipeana amani. Safari hii sikuinama.

Jumatatu, kurudi

Shemeji alituleta mpaka Kiwira na pikipiki ya kukodi na mkungu wa ndizi, akaufunga mwenyewe juu ya Coaster kwa kamba ya mgomba, fundo mbili, akavuta, akavuta tena. Akamwambia mwanangu akija likizo ya Juni ataanza kumfundisha kupuliza. Mtoto amepuliza hewa tupu kwenye ngumi yake kutoka Isongole hadi Makambako, na abiria wamemvumilia.

Tumefika nyumbani saa mbili na nusu usiku. Mwenyekiti wa jumuiya anakaa nyumba ya pili, taa ya barazani ilikuwa inawaka. Nilikata chane moja, nikaenda nikagonga. Alishtuka kuniona, akaanza kutafuta viatu vyake, akidhani kuna msiba.

Nikamwambia hapana, mama, hakuna msiba. Nimekuletea ndizi za Rungwe. Na Jumatano, kama hamjapanga pengine, jumuiya ije kwangu.